Hasira, Hofu na Haki Kwenye Mizani ya Pamba

Ndugu msomaji, somo la leo tunalianza kwa swali. Msimu uliopita ulipopeleka pamba yako ghalani, furushi lilipokuwa juu ya mizani, ulikuwa unatazama nini? Ulitazama namba, au ulitazama uso wa karani?

Wengi wetu tunatazama uso. Karani akicheka, tunajisemea leo mambo mazuri. Akikunja uso, tunaanza kuwaza, huyu leo ana nini? Na karani naye anatutazama sisi. Anaona huyu ni mkali, huyu ni mpole, huyu ni mjomba wangu, huyu hajui kusoma. Hata kilo hazijaandikwa, watu wameshapimana mioyo.

Jambo hilo ndilo tunalotaka tulizungumze. Tunataka kuona jinsi yanayopita moyoni mwa mtu yanavyoongoza mkono wake kazini. Tungeweza kuzungumzia kazi ya ofisini au ya kiwandani, lakini wasomaji wetu wengi ni watu wa pamba. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wilaya zote tano za Mkoa wetu wa Simiyu, zinalima pamba. Ghala la chama ni mahali pa kazi kama ofisi yoyote. Pana katibu, pana karani wa mizani, pana wapakiaji, pana mlinzi. Na mkulima aliyesimama kwenye foleni naye yuko kazini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili.

Hisia ni yale yanayoingia moyoni bila kupiga hodi: hofu, hasira, huruma, wivu, aibu, furaha. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema, leo saa nne nitakasirika. Hasira inakuja yenyewe. Maadili ni yale tuliyokubaliana kuwa ni haki kuyatenda, awepo mtu anayetuona au asiwepo.

Watu wengine hudhani kwamba mtu mwadilifu ni yule asiyekasirika wala kuogopa. Sisi hatukubali. Mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Mtu mwadilifu anaogopa na anakasirika kama wewe. Tofauti iko kwenye kile ambacho mkono wake unafanya wakati moyo unadunda. Tena tutaona kwamba jambo hilo halimtegemei yeye peke yake. Linategemea pia jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

JEMBE LENYE NGOMA

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya somo hili kuandikwa. Fikiria bagobogobo wanapolima. Wanasimama mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, ngoma inapigwa, wimbo unaimbwa. Shamba ambalo mtu mmoja angelilima siku nyingi, wao wanalimaliza upesi, na jioni bado wana nguvu za kucheza.

Nguvu hizo zinatoka wapi? Si kwenye ugali peke yake. Zinatoka moyoni. Kijana aliye mstarini anaona fahari anapokwenda sawa na wenzake, na anaona aibu anapobaki nyuma. Hapo aibu inafanya kazi nzuri. Haimfanyi mtu ajifiche, inamfanya ainue jembe. Akichelewa kuja au akianzisha ugomvi, kikundi kinazo sheria zake, na viongozi wake wanamwonya mbele ya wenzake.

Tazama vizuri ni kwa nini inawezekana. Kila jembe linaonekana. Huwezi kulima nusu ukasema umelima nzima, maana tuta lako liko pale na tuta la jirani liko pale. Fahari na aibu zinamsukuma mtu kwenye haki kwa sababu kazi iko wazi mbele ya macho ya wote.

Sasa twende kwenye mizani. Pale hakuna ngoma. Mtu mmoja anasoma namba, mtu mmoja anaandika. Mara nyingi ni yule yule.

MIZANI ILIYOZAA USHIRIKA

Vijana wengi hawajui kwamba ushirika wa pamba wa kanda yetu ulianzia kwenye mizani. Kabla ya uhuru eneo hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa. Pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, na wakulima walilalamika kwamba mizani inawaibia. Walijua hivyo kwa mikono yao. Mtu aliyebeba furushi kichwani kutoka shambani analijua uzito wake, hata kama hajui kusoma namba.

Hasira ilikuwa kubwa. Wangeweza kuvunja maduka. Wangeweza kuacha kulima. Lakini karibu na mwaka 1950 wakulima walifanya jambo la akili zaidi. Waliweka wapimaji wao wenyewe pale kwenye vituo vya kununulia pamba, ili kila furushi lipimwe pia na mtu wanayemwamini. Vikundi hivyo vikakua. Kijana mmoja wa Mwanza, Paul Bomani, aliyekuwa akifanya kazi na chama cha wafanyabiashara Waafrika, alisaidia kuviunganisha. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa jina la VFCU. Likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Kwa hiyo ushirika huu ulizaliwa na hasira. Tunasema hivyo bila kuona haya. Ni hasira iliyopewa kazi ya kufanya.

Lakini historia haikuishia kwenye ushindi. Mizani ilipokuwa ya wakulima wenyewe, malalamiko yalirudi. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalum ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kamati ilikuta vyama vingi havina watu wenye ujuzi, kuna viongozi wasio waaminifu, kuna upendeleo wa ndugu, na wanachama wengi hawajui haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa tena. Kuanzia msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Mwenye mizani amebadilika mara nyingi. Malalamiko hayajabadilika sana. Hii inatuonyesha kwamba ubaya haukuwa wa rangi ya mtu wala wa jina la shirika. Mtu wetu, tuliyemchagua sisi, akikaa peke yake na mizani, anapatwa na yale yale.

KARANI NA HOFU YAKE

Tuchukue mfano. Tumeutunga kwa ajili ya kufundishia, usimtafute mtu huyu kijijini kwako. Tumwite Karani, basi.

Karani ni kijana mzuri. Alichaguliwa kwa sababu hajawahi kuiba hata embe. Msimu wake wa kwanza alipima kwa haki kabisa. Aliandika kilo 10,000, gari likaja, pamba ikapakiwa, ikaenda kwenye kinu cha kuchambua pamba. Kule ikapimwa tena. Zikapatikana kilo 9,880.

10,000 ukitoa 9,880 inabaki 120. Huo ndio upungufu, au kama watu wanavyosema, shoti. Karani hakuiba. Pamba ilikaa ghalani wiki mbili kwenye jua la Julai ikakauka, na pamba ikikauka inapungua uzito. Lakini aliambiwa alipe. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, ili hesabu iwe rahisi. Alidaiwa shilingi 120,000. Mke wake alilia. Yeye hakulala.

Msimu wa pili Karani alikuja kazini na hofu. Hofu haikumwambia, nenda ukaibe. Ilimwambia, jikinge. Kwa hiyo kila furushi alilisoma akapunguza kilo 2. Furushi la kilo 50 aliliandika 48. Moyoni alijiambia, hizi ni za unyevu tu.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Kilo 10,000 ni mafurushi 200 ya kilo 50. Kila furushi alitoa kilo 2. Mara 200, hizo ni kilo 400. Shoti ya msimu uliopita ilikuwa kilo 120. Ukitoa 120 katika 400 zinabaki 280.

Hofu ilihitaji kilo 120. Mkono ulichukua 400. Zile 280, zenye thamani ya shilingi 280,000, ni za nani? Gari limekuja, pamba ipo, na haina mwenyewe kwenye daftari. Hapo ndipo Karani aliandika jina la kaka yake, ambaye msimu ule hakulima hata hatua moja ya pamba.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Karani hakuamka siku moja akawa mwizi. Alianza na hofu ya kweli, juu ya deni ambalo halikuwa la haki. Akaona njia ya kujikinga. Njia ikamletea hela zaidi ya alizopoteza. Msimu wa tatu hata kama angeambiwa hakuna shoti, je, angeacha zile kilo 2?

Na mkulima mwenye mafurushi 6 alipoteza kilo 12, yaani shilingi 12,000. Hizo ni daftari za watoto, au dawa ya kunyunyizia wadudu, au chumvi na mafuta ya taa ya muda mrefu. Wizi ulikuwa mdogo mdogo, umegawanywa kwa watu wengi, kiasi kwamba hakuna aliyeona ni mkubwa wa kutosha kugombana.

HURUMA NAYO

Hofu ni rahisi kuilaumu. Tuseme sasa juu ya huruma, ambayo wote tunaisifu.

Siku moja shangazi yake Karani alikuja na pamba iliyonyeshewa, tena imechanganyika na majani makavu. Wote tunajua kwamba pamba inagawanywa katika pamba safi na pamba fifi. Ile ilikuwa fifi. Lakini shangazi ana wajukuu wanne, mume wamemzika Machi. Karani alimtazama, akaandika safi.

Je, alifanya vibaya? Tukiuliza swali hili kwenye kikundi cha kisomo, tunajua watu watagawanyika. Wengine watasema, ndugu asipokusaidia nani atakusaidia? Sisi maoni yetu ni haya. Huruma ya Karani ilikuwa njema, ila alitoa mali isiyo yake. Pamba chafu ikichanganywa na safi, lundo zima linashuka. Mama mwingine mwenye wajukuu, aliyechambua pamba yake usiku kwa taa, ndiye aliyelipa msaada ule bila kuulizwa. Na yeye hakuwa na mpwa mezani. Karani angempa shangazi shilingi elfu tano za mfukoni mwake, hiyo ingekuwa huruma ambayo amelipia mwenyewe.

Tunakiri ni rahisi kuandika hivyo gazetini kuliko kumwambia shangazi yako.

MKULIMA ANAYEMWAGA MAJI

Sasa tusimwache mkulima akae pembeni akicheka. Katika foleni ile yumo mzee mmoja aliyepunjwa msimu uliopita. Alijua amepunjwa, alinyamaza, akaenda nyumbani na hasira yake. Mwaka huu, usiku wa kuamkia siku ya kuuza, alichukua ndoo ya maji akanyunyizia pamba. Mwenzake aliweka mchanga. Ukiwauliza wanasema, nao wametuibia.

Hasira hii inamwangukia nani? Karani haumii, yeye anapima tu, na maji yakikauka anazidi kuogopa shoti, kwa hiyo anapunguza kilo 3 badala ya 2. Kwenye kinu, mchanga unaharibu mashine. Pamba yenye maji ikirundikwa inapata joto ndani, nyuzi zinabadilika rangi, mbegu zinaoza. Na kumbuka kwamba pamba mbegu tunayouza, nyuzi ndani yake ni kama theluthi moja tu na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Mbegu zikioza, umeharibu sehemu kubwa ya mzigo. Mnunuzi akishajua kwamba pamba ya sehemu fulani ina maji, anateremsha bei kwa wote.

Kwa hiyo tunazunguka. Karani anapunguza kwa sababu anaogopa maji na ukavu. Mkulima anamwaga maji kwa sababu anapunguziwa. Kila mmoja ana sababu, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyeanza. Tukingoja mpaka tumjue aliyeanza, pamba itakwisha kuoza.

DHARAU

Kuna hisia nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari lolote. Katibu wa chama akimwita mpakiaji mwenye umri wa baba yake, "Wewe! Njoo hapa!", mpakiaji anakuja, lakini hakuja wote. Moyo wake umebaki nje. Jioni wingu likitanda, ataliona furushi lililosahauliwa uwanjani, ataondoka zake nyumbani. Hakuiba kitu. Hakuna kosa unaloweza kumshitakia. Pamba imeloa.

Jambo hili liliwahi kutikisa nchi nzima. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, na ndani yake viongozi walikatazwa majivuno, dharau na ukandamizaji kwa walio chini yao. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma wakaushika. Migomo mingi ya miaka iliyofuata haikuwa ya kudai mshahara tu. Watu walikuwa wamechoka kutukanwa. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimzuia mwenye kiwanda asiingie, wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Hawakuacha kazi. Walichotaka kukionyesha ni kwamba kazi waliipenda, dharau ndiyo waliyoikataa.

Kwenye ghala la kijijini mambo hayafiki huko. Salamu inatosha kwa kuanzia. Kwetu asubuhi tunasema "Mwangaluka", na mtu hapiti mbele ya mzee bila kuisema. Sijui kwa nini wengine wakishapewa ufunguo wa ghala wanaisahau.

SIKU MAMA ALIPOSOMA NAMBA

Turudi kwa Karani. Ilikuwa msimu ule wa pili, jua linataka kuzama, watu wamechoka. Akaja mama mmoja aliyehitimu kisomo. Furushi lake likawekwa kwenye mizani.

"Mayu, arobaini na tano," Karani alisema.

"Mwanangu, mimi naona arobaini na saba."

Watu wakanyamaza. Karani alisikia uso umepata moto. Hiyo ni aibu. Lakini aibu haikai muda mrefu mbele za watu, inageuka upesi kuwa hasira. Akasema kwa sauti, "Unaniita mwizi?"

Hapa mambo yangeweza kuharibika. Mama angejibu ndiyo, kijiji kizima kingeingia kwenye ugomvi, na namba ingesahauliwa. Watu wangeanza kubishana kama Karani ni mtu mzuri au mbaya, ukoo wake ukoje, baba yake alikuwaje. Mama alijibu hivi:

"Sijakuita mwizi. Nimesoma namba. Tusome tena wote wawili."

Karani hakuwa na la kupinga. Wakasoma. Ikaandikwa 47.

Tunawaomba wasomaji walitazame jibu lile. Mama alikuwa na hasira pia, kilo 2 ni zake. Lakini hakuitupa hasira yake kwa mtu, aliipeleka kwenye namba. Alimwachia kijana mlango wa kutokea. Mtu akifungiwa mlango wa heshima atavunja ukuta, lakini akiachiwa nafasi ya kurekebisha bila kudhalilishwa, mara nyingi ataitumia.

Jambo la pili, mama aliweza kwa sababu alijua kusoma. Mwaka 1968 mradi wa kisomo ulipoanza katika mikoa ya kanda ya ziwa, pamoja na Shinyanga ambayo Bariadi ilikuwamo kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, watu walifundishwa kusoma pamoja na kilimo chao. Wengine waliuliza mkulima wa pamba anasoma ili iwe nini. Jibu lilikuwa juu ya mizani.

KUPANGA KAZI ILI MOYO USITESEKE

Usiku ule Karani alikwenda kwa mwenyekiti wa chama akamweleza juu ya ile shoti ya 120,000. Hakuwahi kumweleza mtu isipokuwa mke wake. Mkutano wa wanachama ukaitwa. Hatutasema kila kitu kilichoamuliwa, tutasema yale ambayo chama chochote kinaweza kuyafanya.

La kwanza lilikuwa juu ya shoti yenyewe, maana ndiyo mzizi. Mafurushi kumi yalipimwa siku yalipofika, yakawekwa alama, yakapimwa tena siku gari lilipokuja. Tofauti ikaandikwa mbele ya watu. Sasa wote walijua pamba yao inakauka kwa kiasi gani, na mkutano ukaamua kwamba ukavu wa kiasi hicho ni hasara ya chama, utatoka kwenye ushuru wa chama, si mfukoni mwa Karani. Upungufu ukizidi hapo ndipo ataulizwa. Ukimwondolea mtu hofu isiyo ya haki, ile hofu inayobaki ni ile njema, ya kuogopa kufanya kosa.

La pili, mizani iligeuzwa. Zamani ilimtazama Karani, sasa inamtazama mkulima. Asubuhi kabla ya furushi la kwanza, mizani ikiwa tupu, mtu yeyote anaweza kuja kuona kama inasimama kwenye sifuri, na kama alama ya Wakala wa Vipimo ipo. Mkulima anasoma namba kwa sauti, Karani anairudia, halafu ndipo inaandikwa. Asiyejua kusoma anakuja na mtoto wa shule au jirani. Uzito wa nguo ya furushi unatolewa kwa kuipima nguo yenyewe, siyo kwa kukisia. Jua likizama kazi inasimama, maana mtu aliyechoka na mwenye njaa hukasirika upesi na hukosea upesi.

Siku hizi kuna mizani ya kidijitali, namba zinawaka zenyewe. Ni nzuri, na malipo kwa simu nayo ni mazuri. Lakini mashine inaonyesha 47, kalamu inaweza kuandika 45. Bado tunahitaji mtu wa kusoma kwa sauti. Na ambako viongozi wanakataa kabisa kufungua daftari, wanachama wanaweza kwenda kwa afisa ushirika wa wilaya, na palipo na rushwa kuna TAKUKURU. Twende na stakabadhi mkononi, tusiende na maneno matupu.

Na zile kilo 280? Kwenye mkutano ule Karani alizitaja mwenyewe, na jina la kaka yake. Watu walipiga kelele. Wengine walitaka aondolewe siku ile ile. Mzee yule wa ndoo ya maji alikuwepo. Alitaka kusema kitu, akakaa. Mwishowe iliamuliwa azilipe kwa misimu miwili, na aendelee na kazi chini ya macho ya wapimaji wawili waliochaguliwa na wakulima. Wapo waliosema huo ni ulegevu. Zungumzeni kwenye kikundi chenu kama nanyi mngeamua hivyo.

HESABU YA WIKI HII

Mama mmoja alipeleka mafurushi matano. Mizani ilionyesha kilo 48, 52, 45, 50 na 47. Nguo ya kila furushi ina uzito wa kilo 1. Bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Stakabadhi aliyopewa imeandikwa kilo 227.

1. Alitakiwa aandikiwe kilo ngapi, baada ya kutoa uzito wa nguo?
2. Amepungukiwa kilo ngapi, na ni shilingi ngapi?
3. Mama amegundua akiwa njiani kurudi nyumbani. Ana hasira. Aanze kumwambia nani, na aseme maneno gani?

Majibu ya swali la 1 na la 2 tutayatoa katika toleo lijalo. La 3 tuandikieni ninyi.